Ninavyozinasa rangi za macheo kabla hazijapotea

Rangi nyingi za macheo huja na kuondoka kabla jua lenyewe halijachomoza. Kwa hiyo kamera yangu huwa tayari juu ya stendi dakika 45 kabla, imeelekea mashariki. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, na kutoka digrii 6 chini ya upeo wa macho hadi kuchomoza hupita kama dakika 20 na kitu tu. Ukichelewa hapo unaikuta njano peke yake.

Kitu kinachoharibu picha hizi kuliko vyote ni mizani ya weupe (white balance) ya otomatiki, yaani kamera kujisawazishia rangi yenyewe. Kamera huona wekundu wa mawingu kama kasoro, ikaongeza buluu ili kuusawazisha, na kila picha ikatoka na rangi yake. Mimi huifunga kwenye Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500, kiwango cha mwanga wa mchana, na siigusi mpaka nimalize. Buluu ya mwanzo hubaki buluu, na waridi huja kwa wakati wake. Huhifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera, ili nikitaka kurekebisha, nirekebishe mfululizo wote kwa kipimo kimoja.

Fokasi, yaani ukali wa picha, huiweka kwa mkono: nakuza picha kwenye skrini, natafuta taa ya mbali au ukingo wa kilima, nakaza hadi uwe mkali. Ya otomatiki huhangaika gizani.

Kwa f/8 (upana wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), picha za kwanza hutaka sekunde kadhaa za kuingiza mwanga. Jua likichungulia, muda huwa umeshuka hadi 1/60 au 1/125 ya sekunde. Hivyo kila dakika mbili tatu naangalia histogramu, grafu ya mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia, na kufupisha muda. Hapa pana mtego: histogramu ya jumla inaweza kuonyesha mambo ni shwari ilhali rangi nyekundu peke yake imeshafurika. Tazama tumbo la wingu jekundu: badala ya mikunjo na nyuzi zake unaona doa moja lililolala, kama rangi iliyomwagika. Kuliokoa baadaye ni vigumu mno. Washa histogramu ya rangi tatu, na nyekundu ikigusa ukuta wa kulia, punguza theluthi mbili za stopu (stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu). Ardhi itatoka nyeusi. Kama naihitaji, napiga picha ya pili kwa muda mrefu zaidi nikaziunganishe.

Mawingu ya juu ndiyo hushika moto kwanza, kwa sababu jua huyafikia likiwa bado chini. Kisha mara nyingi yanafifia kuwa kijivu, na wengi hufungasha. Subiri. Mwanga ukishuka hadi mawingu ya chini, dhahabu huanza. Katikati ya kungoja huko geuka magharibi: anga likiwa safi utaona mkanda wa waridi, na chini yake utepe wa buluu iliyoiva, ambao ni kivuli cha dunia.

Ukitoka chumba chenye ubaridi kwenda kwenye hewa ya unyevu, lenzi itapata ukungu. Usiifute, maana huacha michirizi. Liache begi nje dakika 20 likiwa limefungwa. Na diski ya jua ikishatokea, panga picha kwa kutazama skrini. Usichungulie kwenye kitundu cha kioo cha kamera, hasa ukiwa na lenzi ndefu. Hukusanya jua lote ndani ya jicho.