Moto Uliofunikwa Majivu

Neno la juma hili: Matendo ya Mitume 17:16–28

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Bibi yangu hakulala kabla hajafukia moto. Tukishakula na vyombo vimeoshwa, alivuta vinga nje ya mafiga, akayakusanya makaa katikati, akayafunika majivu kwa kiganja, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Alfajiri aliyapekua majivu yale, akatia nyasi kavu, akapuliza, moto ukaamka. Utotoni nilidhani ni jambo la kwetu tu.

Juma hili nimesoma habari za wanawake wa Lithuania, nchi iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, nikauona mkono wa bibi. Nao walifukia moto kila jioni. Ila wao walisema nao. Moto wa jikoni walimwita Gabija, wakamtakia usiku mwema, wakamwomba atulie pale alipo asije akatembea nyumbani. Wakati wa kupika walimtupia chumvi kidogo, ndiyo sehemu yake ya chakula. Kuutemea moto mate lilikuwa kosa kubwa, na kuukanyaga pia. Wala hawakuwa watu wasiojua kanisa. Walikuwa Wakatoliki, wajukuu na vitukuu vya waliobatizwa. Waliokusanya mila za vijijini hata karne ya 20 waliyakuta mambo hayo bado yanafanyika, wengine wakichora ishara ya msalaba juu ya majivu, na pembeni ya Gabija wakimtaja Mtakatifu Agatha, ambaye mkate unaobarikiwa siku yake, tarehe 5 Februari, huwekwa nyumbani ili usitokee moto.

Nimeanzia jikoni makusudi. Habari za dini za kale za Ulaya kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwa miungu ya ngurumo na mapanga. Mimi nataka tukae kwanza hapa penye majivu, kwa kuwa hapa ndipo kaa lilipobaki.

Leo Lithuania ina jumuiya ya dini inayoitwa Romuva. Wafuasi wake humtukuza Perkūnas wa ngurumo, Žemyna ambaye ndiye ardhi, Laima anayepanga majaliwa ya mtoto siku anapozaliwa, na Gabija yule yule. Hukusanyika wamevaa kitani, huwasha moto juu ya madhabahu ya mawe, huimba nyimbo za wazee wao, humwaga bia kidogo chini kwa ajili ya ardhi, hutia mkate na chumvi motoni. Usiku mfupi kuliko wote wa mwaka, ambao Wakristo wa huko huuita wa Mtakatifu Yohane, wao huuita Rasos, yaani umande, na hukesha mpaka jua lichomoze. Mwaka 1967, nchi ikiwa chini ya Wasovieti, vijana waliuadhimisha usiku huo kwenye vilima vya Kernavė, na miongoni mwao alikuwamo Jonas Trinkūnas. Utawala ule haukutaka kusikia habari za Mungu wala za taifa. Kikundi kikazimwa, na Trinkūnas akapoteza kazi yake chuo kikuu. Baada ya uhuru jumuiya iliandikishwa, mwaka 1992. Mwaka 2002 alitawazwa kuwa krivis, kuhani mkuu, na alipofariki mwaka 2014 mkewe Inija alishika nafasi hiyo. Katika sensa ya 2011 watu 5,118 walisema wao ni wa imani ya kale ya Kibaltiki. Si wengi, lakini kila mmoja wao ana roho, na kila mmoja anatafuta kitu.

Lazima niseme kweli: hakuna kuhani wa Perkūnas aliyempokeza kuhani mwenzake tangu zamani zile hadi leo. Mnyororo ulikatika. Hata jina Romuva na cheo cha krivis vimetoka katika tarihi ambayo Peter von Dusburg, padre wa wapiganaji wa msalaba wa Kijerumani, aliiandika mwaka 1326. Adui ndiye aliyewaandikia. Mengine yametoka kwenye nyimbo na kwenye mila za jikoni, ambazo hakuna mtu aliyezihesabu kuwa dini.

Wapiganaji hao walivaa majoho meupe yenye msalaba mweusi. Kwa zaidi ya miaka mia moja walivamia Lithuania karibu kila majira, wakachoma vijiji na kuteka watu, wakisema wanaleta imani. Fikirini mama wa huko. Msalaba alioujua ulikuwa umeshonwa kwenye joho la mtu aliyekuja kuichoma nyumba yake. Sishangai kwamba Lithuania ilikuwa dola ya mwisho Ulaya kuacha miungu yake. Nashangaa kwamba hatimaye iliiacha.

Na iliiacha kwa njia ambayo imenikosesha amani juma zima. Mtawala wao Jogaila alitaka kiti cha ufalme wa Poland. Mwaka 1386 alibatizwa, akamwoa malkia Jadwiga, akavikwa taji mjini Kraków. Mwaka uliofuata alirudi Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, akiwa na mapadre, moto mtakatifu ukazimwa, miti ya ibada ikakatwa, nyoka waliofugwa majumbani kwa heshima wakauawa. Mwanahistoria wa Poland, Jan Długosz, anasimulia kwamba watu walikuwa wengi mno kubatizwa mmoja mmoja, basi wakagawanywa makundi, kundi zima likanyunyiziwa maji na kupewa jina moja: hawa wote Petro, wale wote Paulo. Na kila aliyebatizwa alipewa vazi jipya la sufu.

Sitaki kulidharau vazi lile. Huenda Mungu alimfikia mtu hata ndani ya sufu ile ya mfalme. Lakini mtu aliyeingia majini kwa jina lake mwenyewe, akatoka na jina la kundi na shati, jioni alirudi nyumbani akakuta moto unamsubiri ufukiwe. Maneno ya kuufukia aliyokuwa nayo ni yale aliyofundishwa na mama yake. Kanisa lilimpa mavazi ya kuendea kanisani, na jikoni halikumpa neno hata moja.

Iko habari nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike tafakari hii. Miaka michache baadaye padre mmoja, Jerome wa Prague, alihubiri huko na kuendelea kukata misitu ya ibada. Mwenyewe alimsimulia Enea Silvio Piccolomini, aliyekuja kuwa Papa Pius II, naye akaiandika. Wanawake walikwenda kwa mtawala Vytautas wakilia. Walisema msitu mtakatifu umekatwa, nyumba ya mungu wao imevunjwa, na hapo ndipo walipokuwa wakiomba mvua na kuomba jua. Sasa hawajui wamtafute wapi mungu aliyenyang'anywa makao yake. Vytautas aliogopa watu watamwasi, akamwamuru padre aondoke. Piccolomini anasema mtawala aliona heri watu wamkose Kristo kuliko yeye awakose watu.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama kwa wale wanawake. Hawakuuliza swali la kipagani. Waliuliza swali la kila mama mwenye shamba na watoto: mvua nitaiomba wapi? Shoka lilikuwa tayari, jibu halikuwa tayari. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu aliketi nao chini akawaambia kwamba Yeye anyeshaye mvua hana makao ya kuvunjwa, kwamba yuko karibu nao pale pale walipokuwa wanalia. Mwaka 1547, miaka 160 baada ya ubatizo ule wa Vilnius, Mlutheri mmoja, Martynas Mažvydas, alichapisha katekisimu huko Königsberg, mji wa Prussia. Ndicho kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa Kilithuania. Na katika mashairi ya utangulizi kitabu hicho bado kinawasihi watu waache pepo wa nyumbani na wa mashambani! Sisi Walutheri tunajivunia katekisimu kwa lugha ya mama, na tuna haki. Ila tuone pia ilichelewa kiasi gani.

Sasa mtazameni Paulo kule Athene. Mstari wa 16 unasema roho yake ilichukizwa sana ndani yake alipouona mji umejaa sanamu. Hakuona jambo dogo, wala hakujifanya kuwa dini zote ni njia moja. Lakini alipofungua kinywa kule Areopago hakuanza na machukizo yake. "Enyi watu wa Athene, katika mambo yote naona ya kuwa ninyi ni watu wa kutafakari sana mambo ya dini." Alikuwa amepita mitaani kwao akiangalia, akasoma hata maandishi ya madhabahu, akaikuta ile iliyoandikwa KWA MUNGU ASIYEJULIKANA. Hakuivunja, aliisoma. Kisha akawaambia Mungu ameyaweka mataifa na mipaka yao ili wamtafute, "ingawa ni kwa kupapasa-papasa". Kiswahili chetu kimelipatia neno hilo. Anayepapasa ni mtu aliye gizani, mikono mbele, akijua kabisa kwamba kitu anachokitafuta kimo humu chumbani.

Hivyo ndivyo ninavyowaona ndugu wa Romuva. Nasema bila kuzunguka: moto ni kiumbe. Haumsikii anayeuaga jioni, na chumvi haimshibishi mtu yeyote. Warumi 1:25 inawalilia waliokiabudu kiumbe badala ya Muumba, nami nawalilia pamoja nayo. Lakini naelewa kwa nini kijana wa Vilnius, aliyekulia kwenye nyumba za ghorofa za Wasovieti, akafundishwa shuleni kwamba mbingu ni tupu, aliposikia bibi kizee wa kijijini akiuimbia moto alitetemeka moyo. Alikuwa hajawahi kuona mtu akikitendea kitu chochote kama kitakatifu. Kwetu tunasema mwacha mila ni mtumwa. Naye alikuwa mtumwa kwelikweli, wa dola iliyomnyang'anya nyimbo zake. Kaa la kwanza alilolikuta likiwa hai ndilo alilolipuliza.

Kwa hiyo nilihuzunika kusoma jinsi walivyopokelewa na waliobatizwa. Walipoomba kutambuliwa na dola, hatua iliyo juu ya kuandikishwa tu, maaskofu waliwaandikia wabunge kupinga, na Juni 2019 Bunge likawakatalia. Shauri lilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo tarehe 8 Juni 2021 iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Desemba 2024 Bunge likawatambua. Maaskofu walikuwa na sababu zao, nami siwahukumu mioyo. Lakini katika nchi ambayo injili iliingia kwa joho la vita na vazi la mfalme, natamani safari hii Wakristo wangeacha mkono wa serikali wakaenda wenyewe, wakaketi kando ya moto ule, wakasikiliza nyimbo mpaka mwisho, ndipo waseme. Bwana wetu hahitaji kura za wabunge ili abaki kuwa Bwana.

Narudi kwa bibi. Katika kitabu cha usharika, mbele ya jina la baba yake limeandikwa neno moja: mpagani. Mzee huyo hakula kabla hajadondosha kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Bibi alilelewa hivyo. Lakini alipokuwa msichana alikuja mwinjilisti, mtu wa miguu, ambaye jioni hakukaa sebuleni na wazee. Aliomba kigoda akaketi jikoni, akala walichokula, akauliza kila kitu hufanywa kwa nini. Mama yake bibi ndiye aliyebatizwa kwanza. Na ule mkono uliofukia moto hawakuukataza. Waliupa maneno. Mimi niliyasikia kila usiku, na ndiyo sala ya kwanza niliyoijua maishani: "Ee Bwana uliyetupa moto, tulinde usiku huu, utuamshe na moto wetu." Majivu yalikuwa yale yale, na kiganja ni kile kile. Aliyesemeshwa ndiye alikuwa mwingine.

Siku hizi kwangu ni gesi. Nafungua, inawaka, nafunga, inazimika, wala sisemi neno. Nimebatizwa kwa jina langu mwenyewe, sikuchanganywa kundini, na bado jiko langu halina sala hata moja. Wala sidhani niko peke yangu. Tuna ibada kuu, mikesha na makongamano, lakini mkate ukianguka sakafuni tunaufagia tu. Mlithuania wa zamani aliuokota akaubusu.

Juma hili naomba tusome pia Yohana 21. Wanafunzi wamekesha ziwani bila kupata kitu. Petro bado ana donda la moto mwingine, ule wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu, ambapo aliota joto huku akimkana Bwana wake. Wanashuka pwani asubuhi wakiwa wamechoka na kuloa, wanakuta moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate. Yesu, aliyefufuka, amewasha moto kwa mikono yenye makovu na anapika. Hawaulizi habari za madhabahu. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa."