Lita 48 za Maziwa

Januari 2012 nilikuwa namalizia MBA mjini Ahmedabad, na kama nusu ya darasa letu nilikuwa nimepatwa na homa ya kuanzisha kampuni ya kuwainua wanakijiji. Homa hiyo ilikuwa imevikumba vyuo vingi vya biashara nchini India. Kila mmoja wetu alikuwa na habari za Kaushlendra Kumar, aliyemaliza wa kwanza chuo cha biashara cha IIM Ahmedabad mwaka 2007, kisha badala ya kufuata mshahara mnono akarudi Bihar kuuza mboga mjini Patna. Ambalo hatukupenda kukumbushwa ni lile la Oktoba 2010, serikali ya Andhra Pradesh ilipozibana kampuni za mikopo midogo baada ya habari za wakopaji kujiua kwa madeni. Kampuni hizo nazo zilikuwa na wasomi waliokwenda kuwainua wanakijiji. Sisi tulijiona tofauti, bila shaka.

Tulikuwa watatu: mmoja wa Pune, mmoja wa Vadodara ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, na mimi, Msukuma wa Misungwi. Tulikaa siku kumi katika kijiji kimoja wilayani Anand, tukiangalia chama cha msingi cha maziwa kinavyoendeshwa. Huko ndiko nyumbani kwa Amul, ushirika mkubwa wa maziwa wa India. Mwaka 1946 wafugaji wa Kaira, wilaya iliyokuwa na Anand ndani yake wakati ule, wakiwa na kiongozi wao Tribhuvandas Patel, walichoshwa na bei za wanunuzi waliopeleka maziwa yao Bombay. Wakagoma kuuza, wakaunda umoja wao.

Babu yangu angewaelewa bila mkalimani. Alilima pamba miaka ya 1950, enzi ambazo akina Paul Bomani walikuwa wakiwakusanya wakulima wa Jimbo la Ziwa waweke mtu wao wa kusimamia mizani, maana wanunuzi, wengi wao Wahindi, walikuwa wanapunja uzito. Nyumbani kwetu kitu chochote cha ujanja kiliitwa "mizani ya Mhindi". Lakini hiyo ni hadithi ya babu. Yangu mimi ni ya darasa la tano, wakati mpunjaji alipokuwa katibu wa chama chetu wenyewe. Msimu ambao baba hakulipwa pamba yake, katibu alinunua pikipiki.

Kwa hiyo nilipofika kijiji kile cha Gujarat, jicho langu lilimtafuta katibu kwanza.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye shali ya sufu, akifungua ofisi kabla hakujapambazuka. Nilimwita "kaka" kama nilivyosikia wenzangu wakimwita. Kwa Kigujarati neno hilo ni baba mdogo, nami nikaona raha kulitamka bila kujifunza. Wanawake walikuja na ndoo za stili, baridi ikiwatoa moshi mdomoni. Maziwa yakapimwa uzito, kikombe kidogo kikachotwa kwenda kwenye mashine ya kupima mafuta, kikaratasi kikatoka chenye kilo, mafuta na bei. Dakika moja kwa mtu. Asiyejua kusoma alimpa jirani amsomee. Jioni, hivyo hivyo tena.

Siku ya tatu nikaona kitu. Mashine ilihitaji matone tu. Maziwa yaliyobaki kwenye kikombe hayakurudi kwenye ndoo ya mwenyewe. Yalimiminwa kwenye debe pembeni, nyuma ya kiti cha katibu. Hakuna aliyelalamika, hakuna hata aliyeangalia. Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia: watu walikuwa wameshazoea.

Usiku ule sikulala. Kikombe kilikuwa kama mililita 100. Watu 240, mara mbili kwa siku: lita 48. Kwa mwaka lita 17,520. Kwa rupia 25, hizo ni rupia 438,000. Wenzangu nao wakawaka. Yule wa Pune alikuwa tayari na wazo la kampuni: kifaa cha kupima bila kubakiza, programu ya kuziba mwanya, tuanze na vijiji kumi. Tukatengeneza slaidi kumi na moja. Ya nne ilikuwa na namba moja tu, nyekundu, imejaa ukuta mzima.

Siku ya nane jioni tukaionyesha mbele ya kamati. Wa Vadodara alitafsiri, na nilimwona akilainisha maneno, maana mimi nilisema mfumo wao "unavuja" na yeye akazunguka sana. Ilipofika slaidi ya nne, mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu hakukasirika. Aliamka, akatoa daftari lenye jalada la kitambaa chekundu, kama yale ya maduka ya Mwanza nilipokuwa mtoto, akalifungua na kuweka kidole. Mstari wa kila siku: maziwa ya sampuli, yameuzwa, lita kadhaa, rupia kadhaa. Ni mapato ya chama. Ndiyo yaliyomlipa kijana wa kufagia, na salio liliingia kwenye faida ambayo mwisho wa mwaka wanachama hugawana kama bonasi. Lita zake, kwa kweli, zilikaribia sana zangu. Hesabu nilikuwa nimeipata.

"Nani huyanunua?" niliuliza, ili niseme chochote.

Vibarua wasio na nyati wa kukamua, alisema. Na nyumba mliyofikia, tangu mje. Chai yenu ni nyingi.

Siku nane nilikuwa nakunywa ushahidi wangu na tangawizi. Wa Pune aliizima kompyuta pole pole, mwanamke mmoja wa kamati akajifunika mdomo kwa ncha ya sari, mabega yakimtikisika.

Kesho yake nilimpigia baba simu. Nikamweleza yote: mashine, kikaratasi, debe, daftari jekundu. Alisikiliza kimya hadi nikadhani salio limekata.

"Huyo katibu," akasema, "anatembelea nini?"

"Baiskeli, baba."

"Mpya?"

"Kuukuu."

Akafikiri kidogo. "Haya," akasema. "Subiri kwanza msimu uishe."

Nikamweleza kwamba maziwa hayana msimu. Hilo hakulijibu, aliniuliza narudi lini.