Nirudi kutoka wapi, mimi sijaenda

Tumemzika bamkubwa Kasulu, kazini nimehamishiwa stoo, na bado kinachonizunguka kichwani ni maneno ya baba pale barazani Ujiji. Naandaa maombi ya visa yake na ya mama, waende kumtembelea dada Kanada. Nilimwambia, "Baba, inabidi tuwaonyeshe watu wa visa kwamba utarudi." Akavua miwani. "Nirudi kutoka wapi? Mimi sijaenda." Nikamweleza tena, taratibu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Lini umesikia nimelala kwa mtu nikasahau kuondoka?"

Sikuwa na jibu. Visa ya matembezi ya Kanada hunyimwa zaidi kwa hilohilo: afisa hakuridhika kwamba mwombaji ataondoka muda wake ukiisha. Barua ya mwaliko ya dada, hata iwe tamu vipi, hailimalizi. Kazi ya barua ni kueleza dada ni nani, yuko Edmonton kwa kibali gani, anafanya kazi gani, wazee watafikia wapi, watakaa muda gani na nani analipa, pamoja na karatasi zake za mshahara na kodi. Kurudi kunathibitishwa huku kwetu: pensheni ya baba, hati ya nyumba, shamba la michikichi, barua ya serikali ya mtaa.

Nyaraka za Kiswahili zinataka tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa, na mfasiri asiyesajiliwa lazima aambatanishe kiapo. Ndugu wa familia haruhusiwi kutafsiri. Mimi niliyesomeshwa na mzee huyu siwezi kumtafsiria hata barua ya mtaa! Taarifa ya benki nayo iachwe ilivyo. Watu huchangishana wakatumbukiza mamilioni kwenye akaunti ya mzee wiki moja kabla ya kuomba. Afisa anaona pensheni inayoingia kidogokidogo, halafu ghafla mlima. Bora hela ibaki kwa dada na barua iseme yeye ndiye mlipaji. Majina yafuate pasipoti: baba ni Hamisi kwenye pasipoti, Khamis kwenye karatasi za shamba, kwa hiyo wakili ameandaa kiapo kwamba huyo ni mtu mmoja. Na yule jamaa wa Mwanga anayeuza "visa ya uhakika" abaki na uhakika wake. Uongo kwenye maombi ukigundulika, mlango unafungwa miaka 5.

Ada ni dola 100 za Kanada kwa kila mmoja, na ya alama za vidole ni dola 85. Ukishalipa na kutuma, inakuja barua ya maelekezo, na kuanzia hapo una siku 30 za kwenda kuchukuliwa alama na picha. Kituo kiko Dar. Ndiyo maana sijabonyeza kitufe cha kutuma: nauli ya wawili kwanza, treni au ndege, barua baadaye. Tiketi ya Kanada yenyewe haikatwi kabla ya visa. Kinachonitia shaka ni vidole vya mama. Jembe limevilainisha mpaka mistari haionekani vizuri, kwa hiyo kila usiku anapaka mafuta ya mgando, na nimemwomba asishike kisu cha dagaa tukikaribia safari, maana kidole chenye kidonda hakisomeki.

Jana jioni nilikuwa naorodhesha yanayowarudisha nyumbani. Mama akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "Andika na mbuzi wangu." Baba akacheka mpaka akakohoa, kisha akaanza kunitajia mwenyewe: daftari la michango ya msikiti analitunza yeye, kesi ya mpaka wa shamba haijaisha, michikichi mipya inakaribia kuzaa. Nikaandika yote. Alipoona kalamu imesimama akauliza, "Mbuzi umeweka?" Nimeweka, tena kwa idadi.