Wiki ya sita ya kubangua korosho bila simu: rekodi yangu ya kujifunza kuwepo

Leo Jumapili, wiki ya sita imeisha. Nimenawa mikono kwa limau mara tatu lakini harufu ya moshi wa korosho haijatoka, bibi keshalala, nami nimeona niandike yote sa hivi kabla sijaanza kusahau.

Mradi wenyewe ni huu. Kila siku baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi nakaa na bibi yangu uani hapa Mikindani tunabangua korosho, simu inabaki kabatini, na kazi yangu ni moja tu, niwepo. Yani mkono ukiwa kwenye korosho na akili iwe hapohapo, nikishtuka imeshaondoka naiita irudi, basi, sina kingine.

Sababu ya kuanza inaniuma mpaka leo. Mwezi wa tisa bibi aliniambia shoga yake wa Mitwero, kule Lindi, kafariki, wamekua wote, wamechezwa unyago pamoja. Mimi nikamwitikia "ehee" huku nachati kwenye grupu la kikoba. Siku tatu baadae tunakula, nikamuuliza, bibi, yule shoga yako wa Lindi hajambo? Aliniangalia tu. Hakunigombeza wala nini, akaendelea kumega ugali. Usiku ule sikulala, nikawa najiuliza ni mangapi mengine nimeambiwa na watu wanaonipenda yakapita hivihivi.

Ndo nikaanza kutafuta kusoma. Nikakuta habari za Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979 alianzisha programu kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao madaktari walishafika mwisho nao. Hakuwaambia maumivu yataisha, aliwafundisha kuyaangalia yalivyo, kupumua, kupitisha akili kwenye mwili kuanzia vidole vya miguu mpaka kichwani. Zoezi lao mojawapo la mwanzo ni kula zabibu kavu moja, moja tu, unaishika, unaitazama mikunjo yake, unainusa, ndo unaitafuna taratibu. Alafu nikasoma utafiti wa 2010 wa Killingsworth na Gilbert wa Harvard, waliwauliza watu 2,250 kupitia simu zao, muda wowote wa siku, sa hivi unafanya nini na unawaza nini. Jibu likaja kwamba asilimia 46.9 ya muda mawazo ya watu hayapo kwenye kile wanachofanya, na wakiwa hawapo wanakuwa na furaha ndogo kuliko wakiwepo. Karibu nusu ya maisha jamani. Niliisoma hiyo namba nikamkumbuka yule bibi wa Mitwero.

Sasa mimi zabibu kavu za nini wakati msimu wa korosho ndo huu? Bibi ana mikorosho yake michache upande wa Naliendele, nyingi tunauza, lakini gunia moja hatuuzi, tunabangua wenyewe nauza kwenye vipakiti pale stendi. Nikasema mazoezi yangu ni hapohapo.

Kwa asiyewahi kubangua kienyeji nieleze, maana bila hapa hutanielewa. Unaziweka korosho ghafi kwenye debe lililotobolewa, moto mkali chini, unakoroga na mti mrefu ukiwa umekaa upande ambao upepo unatokea, kwasababu ule moshi unawasha macho na kifua. Maganda yanatoa mafuta, mafuta yanashika moto, zinawaka kweli zote, na hapo ndo pa kuwa macho, ukichelewa kidogo zimeungua, ukiwahi mafuta yamebaki ndani ya ganda yanakungoja. Unamwaga kwenye mchanga zizimike. Zikipoa unapaka vidole majivu, unasimamisha moja kwa ubavu juu ya jiwe, unaigonga na kirungu kidogo. Ukipatia, ganda linafunguka, korosho inatoka nzima. Ukikosea unapata vipande, na kila mtu hapa anajua bei ya korosho nzima na bei ya vipande haviongozani.

Kwahiyo nikaona nimeshapata kipimo! Kila siku korosho 100 za kwanza nahesabu ngapi zimevunjika, naandika kwenye daftari.

Wiki ya kwanza wastani 31. Akili ilikuwa inarukaruka hatari, nabangua niko kwenye deni, nabangua niko kwenye ada ya mdogo wangu, nabangua najibu meseji ambayo hata haijatumwa. Bibi akinitazama ananiambia, "Mke mwenzangu, mkono upo hapa, roho ishapanda basi la Dar." Nacheka, narudi, dakika haijaisha nimeshaondoka tena.

Wiki ya pili niliumia. Siku hiyo nilivunja sharti, nikaja na simu nimeiweka chini ya kanga, ikalia, nikaikimbilia bila kuangalia korosho niliyoshika ilikuwa haijaiva sawasawa. Yale mafuta yakanipata vidole viwili. Mwanzoni huhisi sana, yanawasha tu, kesho yake ngozi ikawa nyeusi, alafu ikabanduka kama ganda la kitunguu. Siku nne sijabangua. Lakini nilikaa pale pale uani kumwangalia bibi akifanya, na nasema kwa dhati zile siku nne zimenifundisha kuliko wiki nzima ya kwanza.

Bibi hatazami korosho muda wote. Anasikiliza. Kuna mlio mmoja mkavu, tak, huo ganda limekubali. Kuna mwingine mzito kama umegonga udongo, akiusikia haongezi nguvu, anaigeuza kwanza anaipapasa kwa kidole gumba, anatafuta ule mshono wa pembeni. Miaka yote hiyo nimekaa nae na sikuwahi kuusikia huo mlio wa pili. Ulikuwepo. Nilivyorudi kazini wiki ya tatu nikaacha kuhangaika na pumzi kama nilivyosoma, nikashika sikio tu, na wastani ukashuka mpaka 19.

Hapo furaha yangu ikaniharibia. Wiki ya nne nilitaka kufika 10, kila ikivunjika moja roho inaniuma, nahesabu kichwani kumi na mbili, kumi na tatu, leo siku imeshaharibika, kesho itakuwaje. Nikapanda mpaka 34, mbaya kuliko nilipoanzia. Nilikuwa simuwazi mtu wa deni tena, nawaza daftari, na daftari nalo ni kutokuwepo vilevile, kwangu hiyo ilikuwa mpya kabisa. Nikamwambia bibi. Akasema hata kwenye swala ni hivyo, ukianza kujisifu leo nina khushui, yani moyo umetulia kwenye swala, khushui yenyewe ishaondoka. Ustadhi wetu wa madrasa alitufundisha hilo neno nikiwa na miaka minane, nimelielewa na kirungu mkononi.

Wiki ya tano daftari likaenda kabatini na simu. Siwezi kuwaambia vilikuwa vipande vingapi. Ninachoweza kusema ni vitu nilivyovikuta. Kwamba upepo wa bahari hapa kwetu unabadilika kama nusu saa kabla ya Magharibi, moshi unageuka ghafla, na kuku wanajua kabla yetu, wanahama upande. Kwamba bibi ana wimbo anauimba bila maneno, mdomo umefunga, na anauimba akifika kwenye korosho ngumu. Kwamba mkono wake wa kushoto unatetemeka akishika kitu kitupu ila akishika korosho hautetemeki. Hilo la mwisho limenishtua, nimemwomba twende hospitali wiki ijayo, amekubali.

Wiki hii ya sita sina mengi, mvua imenyesha siku mbili hatukuwasha moto. Siku hizo tulikaa ndani tunamenya lile ganda laini la ndani, kazi ya kucha na subira. Nilijaribu kula korosho moja kwa dakika nzima kama wale wa zabibu. Mwanzo chumvichumvi ya majivu kwenye vidole, alafu moshi, alafu katikati kabisa ikishalainika ndo utamu unakuja, na unakuja kwa kuchelewa. Nimekula korosho tangu nazaliwa, huo utamu wa mwisho nilikuwa naumeza kabla haujafika.

Mchana, bibi akiwa anamenya, akaanza mwenyewe kunihadithia yule shoga yake. Walivyokimbia mvua wote wawili wakiwa wasichana wakajificha chini ya mwembe, na kanga moja kichwani. Jina lake sikuwa hata nalijua. Niliacha kumenya, nikamsikiliza mpaka alipomaliza, nikamuuliza ile kanga ilikuwa rangi gani.

Nyekundu, akasema, yenye korosho nyeusi pembeni.