Waridi la Ukutani Kwa Khalati

Kufikia Julai 2011 magoti ya Khalati, dada ya mama yangu, yalikuwa yamekataa ngazi kabisa. Nyumba yake ya Kibokoni ina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa. Mwaridi alioupanda uani kwa mkono wake ulikuwa umepanda ukuta wima, ukapita dirisha la chumba cha wageni, ukafika juu tunakoanika nguo, na huko ndiko ulikotoa maua yake yote. Chini, alipoketi yeye kwenye kitanda cha kamba, palikuwa na vigogo vya kijivu na majani machache yenye madoa meusi.

Asubuhi nilikuwa nikipanda kumchumia waridi moja au mawili. Aliyapokea, akayanusa, akanishukuru. Siku moja akaniambia, "Maua haya wayaona kunguru, mwanangu. Mimi mwenyewe siyaoni."

Maneno hayo yaliniingia. Nikamtafuta mzee mmoja aliyekuwa akitunza bustani za majumba ya Nyali. Alipiga hodi baada ya adhuhuri, jua likiwaka, kwa kuwa tawi lililopungukiwa maji kidogo hupindika vizuri kuliko lililoshiba alfajiri. Alimwamkia Khalati, akakataa kuketi, akautazama mti kuanzia shinani hadi juu.

"Bi Mkubwa, wataka maua ama wataka urefu?"

"Nataka maua, tena hapa nilipo."

"Basi tuulaze."

Khalati alishika kifua. Alikuwa ameulea mti ule tangu ukiwa kijiti, na sasa mtu anataka kuung'oa ukutani na kuupinda. Mzee akamweleza kwa upole, na maelezo yake nimeyakuta sawasawa baadaye nilipojisomea. Tawi likisimama wima, ncha yake hutoa homoni ya auksini inayoshuka chini na kuyazuia macho ya pembeni, yaani vijichipukizi vilivyolala kwenye tawi, yasichipue, kwa hiyo nguvu yote huenda juu. Tawi likilazwa, kizuizi hicho hulegea. Macho yaliyolala kwenye urefu wa tawi huamka, kila jicho likatoa kitawi chake kifupi, na kitawi hicho ndicho kinachobeba maua.

Kazi ilichukua mchana mzima. Alianza kwa kukata vigogo viwili vizee kabisa karibu na ardhi, akabakisha matawi machanga yenye ngozi ya kijani. Vitawi vya pembeni alivifupisha hadi macho mawili au matatu. Shinani palikuwa na chipukizi nene lililotoka chini ya kiungo cha pandikizi, la ule mti wa porini uliotumiwa kama shina. Hilo hakulikata kwa mkasi. Alifukua mpaka linapoanzia, akaling'oa kwa mkono, kwa sababu likikatwa tu huchipua upya.

Kisha akapigilia misumari mirefu na kufunga waya, akiacha nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani ili upepo upite nyuma ya majani. Aliomba kamba laini. Khalati akaleta leso yake kuukuu, akaichana vipande mwenyewe, na kwa vipande hivyo tukayafunga matawi, moja kulia, jingine kushoto, kwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Tawi moja gumu liliposikika likilia, mzee aliliacha limeinama nusu tu. Alisema ataliongeza wiki ijayo, na akaja kweli.

Madoa meusi yalikuwa masalio ya masika. Kuvu wa ugonjwa ule huhitaji jani likae na maji kwa saa saba hivi ndipo aingie, na Mombasa jani lililonyeshewa jioni halikauki mpaka kuche. Kwa hiyo tukaacha kuumwagilia mti kutoka juu. Maji yakawa ya asubuhi, tena shinani. Nikaokota kila jani lililoanguka na kulitoa nje ya ua, maana kuvu hubaki humo akingoja mvua.

Jambo ambalo wengi wa Mji wa Kale hawaliangalii ni udongo. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chini ni matumbawe hayo hayo. Chokaa ikizidi, mwaridi hushindwa kufyonza chuma hata kama kimo ardhini. Majani machanga ya mti wa Khalati yalikuwa ya manjano, mishipa peke yake ikibaki kijani. Tukatoa vifusi vya lipu, tukajaza samadi ya mbuzi iliyooza na majani yaliyooza, na maji ya kisima yenye chumvi tukayaachia kazi ya kuoshea sakafu ya uani. Mwaridi ukapewa maji matamu ya mkokoteni.

Mwezi Septemba machipukizi mekundu yalikuwa yamejipanga juu ya kila tawi lililolazwa, na kabla ya vuli kuanza ukuta ulichanua kutoka pembe moja hadi nyingine. Khalati alihamisha kitanda chake karibu zaidi. Akanikabidhi mkasi na kunielekeza kila ua lililonyauka likatwe juu ya jani la vipande vitano, kwenye jicho linalotazama nje, ili mti usipoteze nguvu kwenye mbegu.

Jirani alipokuja kuomba maua ya sinia la bintiye aliyekuwa akiolewa, Khalati alimkaribisha kwa furaha. "Chukua, mwanangu, chukua mengi. Lakini kata ninapokuonyesha mimi."