Nilivyopunguza rangi na vitu kwenye fleti yetu ya Upanga

Fleti tuliyopanga Upanga, Dar es Salaam, ina sebule ndogo, marumaru nyeupe na kuta nyeupe vilevile. Jua la saa nane likiingia humo, macho yanauma. Ndiyo maana nilianza na mwanga, fanicha baadaye.

Mwenye nyumba aliruhusu tupake rangi ya maji tu. Fundi alichukua nyeupe isiyong'aa, akatia manjano kidogo na kahawia mpaka ikafanana na mchanga mkavu wa pwani. Tukapaka kipande ukutani, tukakiangalia mchana na usiku. Mchana kilipendeza, usiku kikageuka kijivu cha hospitali. Tatizo lilikuwa taa: balbu zilikuwa za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), zile nyeupe kali zilizojaa madukani. Nilipoweka za 2700, zenye mwanga wa manjano, ukuta ukatulia. Badilisha balbu kwanza, ndipo ununue ndoo ya rangi.

Meza na benchi nilichongesha kwa seremala wa Keko, kwa mbao za mninga. Mninga una michirizi yake ya kahawia na dhahabu, na mchwa hawausogelei ovyo. Mvutano ulikuwa kwenye vanishi, maana fundi alishafungua kopo.

"Dada, bila vanishi watu watasema umeuziwa meza haijaisha."

"Wakisema, waje kwangu."

Akapiga msasa huku akitikisa kichwa. Nyumbani nikapaka nta ya nyuki ya Tabora niliyoiyeyusha na mafuta ya mbegu za kitani, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Kikombe cha chai huacha duara, sikatai. Nasugua pale pale, napaka tena, basi. Vanishi ikibabuka, unakwangua meza nzima.

Chini kuna mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Ya zambarau na kijani imejaa kila mahali. Huu ilibidi niagize Pemba. Ukiuinamia unaona kili, yaani vipande virefu vya ukindu uliosukwa, zilivyoungwa kwa mshono, na ukindu wenyewe hauna rangi moja: hapa umeiva kama asali, pale una ukijani wa mbali. Mapazia ni marekani ya jora, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kabati la vioo na seti ya sofa nilivigawa kwa ndugu, na hapo sikukosa wateja.

Mama alipokuja alisimama mlangoni, akaangaza huku na huku. "Mwanangu, mnahamia au mnahama?" Kisha akadai kiti chenye mgongo, na akapata. Unyenyekevu wa benchi una mipaka yake ukishafika umri ule.

Mtihani ni masika. Unyevu huotesha ukungu kwenye ukindu, kwa hiyo jua likitoka tu nauanika kibarazani, nikishaupangusa kwa kitambaa chenye siki. Zulia la mkonge nalo nililifikiria, lakini likidondokewa na mchuzi doa halitoki, na watoto wangu wanakulia hapo hapo chini.