Pete ya mama wa Kadutu

Leo hapa Bukavu, mama mmoja wa Kadutu, muuza samaki wadogo waitwao sambaza, alifungua pindo la kitenge akatoa pete yake ya ndoa. "Dokta, haiingii tena. Na viatu vyangu nimempa binti yangu." Pikipiki zinazotoka pembeni, yeye hazioni mpaka zimkaribie kabisa.

Kazi yangu ni kuchunguza uvimbe wa tezi ya pituitari, tezi ndogo kama njegere chini ya ubongo. Ikimwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, vidole na miguu ya mtu mzima hunenepa polepole; uvimbe ukipanda, hubana neva za macho. Mara nyingi tunautoa kupitia puani.

Miaka sita ametibiwa maumivu ya mgongo na kichwa, hakuna aliyemwuliza habari ya pete! Imeniuma sana. Madaktari wenzangu, tafadhali, ulizeni viatu, ombeni picha za zamani.